Sekirite na Afya: Maji yaliyo chini ya kiwanda



Tarehe 18 Februari 2025, ngambo ya mupaka wetu, ukuta wa bwawa la takataka za kiwanda cha shaba ulibomoka karibu na Chambishi, katika inchi ya Zambia. Maji ya aside, karibu lita milioni 50 kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, yaliingia katika vijito, na toka vijito yakafika muto Kafue. Samaki walikufa. Muji mukubwa wa Kitwe ulifungiwa maji ya robine. Kila mutu aliona, kila mutu alisema, na wakubwa walilazimishwa kujibu.

Leo tunataka kusema juu ya hatari nyingine, ile isiyo na kelele. Ni maji yaliyo chini ya udongo. Yakiharibika, hakuna samaki wa kuelea juu. Robine inaendelea kutoa maji meupe, kisima cha lupango kinaendelea kujaa, na watoto wanakunywa. Kwa kujua kama maji hayo ni mabaya, lazima mutu atoboe udongo, ateke chupa moja, aipeleke kwa laboratwari, kisha aseme kweli alichokiona. Tutaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika. Mufano wetu ni kiwanda kimoja cha Marekani, kwa sababu mambo yake yamechunguzwa na kuandikwa toka mwanzo, mazuri na mabaya.

MAJI YA CHINI YANATEMBEA

Watumishi wa mugodi hawana lazima ya kufundishwa sana juu ya jambo hili. Anayechimba chini anajua kwamba maji yanamufuata. Muliona mambo ya Kipushi: kazi ya kutoa madini ilisimama mwaka 1993, lakini pompi ziliendelea kutoa maji kila siku. Mwaka 2011 pompi kubwa ya chini iliharibika, na maji yakapanda katika shimo yakafunika galeri. Hakuna mutu aliyeyamwaga mule. Yalikuwa katika mawe pande zote, yakafuata njia yao.

Watu wengine wanafikiri kwamba chini ya ardhi kuna ziwa. Hapana. Maji yanakaa katikati ya chembe za muchanga na katika nyufa za mawe, sawa vile yanavyokaa katika ndoo iliyojazwa muchanga kisha ikamwagiwa maji. Yanashuka polepole, toka pahali pa juu kwenda pahali pa chini, mupaka yanatokea katika kijito au muto. Mama aliye na kisima anajua hesabu hiyo: mwezi wa Oktoba kamba ya ndoo inakuwa fupi, na nyuma ya mvua kubwa maji yanarudi juu.

Sasa, kitu kinachomwagwa juu ya udongo kinafanya nini? Hapa vitu havifanani. Mazuti na benzini vinashuka mupaka juu ya maji, vinaelea pale. Chumvi za madini na aside vinachanganyika na maji na kusafiri pamoja nayo. Lakini kuna vingine vizito kuliko maji, kama trikloroetileni, ile dawa ambayo mekanisiye wa zamani waliitumia kwa kuondoa mafuta juu ya vyuma. Hiyo inapita katika maji, inazama, inaenda kulala chini kabisa juu ya udongo mugumu, na pale inayeyuka kidogo kidogo kwa miaka makumi.

Tufanye hesabu moja. Katika Marekani sheria inakataza maji ya kunywa yawe na trikloroetileni kupita maikrogramu 5 katika lita moja. Lita moja ya dawa hiyo ina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Gawanya: lita moja tu inaweza kuharibu karibu lita milioni 290 za maji. Jamaa ya watu saba, kila mutu akitumia lita 20 kwa siku, ingetumia maji hayo kwa zaidi ya miaka 5,000. Hiyo ni lita moja, si pipa. Na mwaka 2012 waganga wa kamati ya dunia inayochunguza kansere, wanaokaa Lyon katika Ufaransa, waliitia dawa hiyo katika hesabu ya vitu vinavyoleta kansere kwa binadamu, bila mashaka tena.

KIWANDA CHA RANGI CHA TOMS RIVER

Toms River ni muji wa jimbo la New Jersey, karibu na bahari ya Atlantiki. Mwaka 1952 kampani ya Uswisi, Ciba, ilianza kutengeneza rangi za nguo pale, kisha rezini na vitu vingine vya kemia. Uwanja wake ulikuwa na zaidi ya hekta 500, pori la misonobari pande zote, na muto ukipita kando. Kwa watu wa pale ilikuwa baraka. Kazi ilipatikana, mushahara ulikuwa muzuri, muji ukakua.

Lakini kutengeneza rangi kunaacha takataka nyingi kuliko rangi yenyewe. Mwanzo kampani iliimwaga katika mashimo na mabwawa yaliyochimbwa tu katika udongo, bila kitu cha kuzuia chini. Mapipa nayo yalizikwa. Na udongo wa pale ni muchanga mutupu, unaokunywa maji kama kitambaa. Tunaweza kusema kwamba hawakuweza kupata pahali pabaya zaidi kwa kazi ile, ijapokuwa machoni pao palikuwa pahali pazuri: pori, watu wachache, muto wa kupeleka maji machafu mbali.

Alama ya kwanza ilionekana katikati ya miaka ya 1960. Visima vya kampani ya maji ya muji, vile vya barabara ya Holly, vilikuwa karibu na muto, na takataka ya rangi iliyotupwa mutoni iliingia ndani yake. Wakubwa wa kiwanda walijua. Wakubwa wa maji walijua. Watu waliokunywa hawakuambiwa. Habari hiyo ilikuja kujulikana wazi miaka mingi nyuma, wakati watoto waliozaliwa siku zile walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa.

Mwaka 1966 kiwanda kilimaliza bomba refu la karibu kilometre 16 kwa kupeleka maji machafu baharini. Bomba lilipita chini ya barabara za muji, na wakaaji wengi hawakujua kinachopita ndani. Mwezi wa Aprili 1984 lilipasuka chini ya njia mbili zinazokutana katikati ya nyumba za watu. Pale ndipo maulizo yalianza kwa nguvu. Kwa kweli, mwaka mumoja mbele yake, 1983, Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuandika uwanja ule katika orodha ya pahali palipoharibika zaidi katika inchi yao, panapolazimishwa kusafishwa. Bomba lilifungwa mwaka 1991. Kiwanda chenyewe kilifunga milango mwaka 1996.

Watumishi walienda nyumbani. Maji ya chini yalibaki.

NAMNA YA KUTOA UCHAFU

Serikali ilikata shauri la kwanza juu ya maji mwaka 1989, na mashini zilianza kazi mwaka 1996. Munaona muda uliopita: miaka saba kwa kupima, kubishana, kuchora mipango na kujenga. Katika muji watu walikataa kabisa kwamba maji yaliyosafishwa yatupwe mutoni, kwa sababu walikuwa wamechoka kuamini maneno ya kiwanda. Basi mpango ulibadilishwa, na maji yaliyosafishwa yakarudishwa katika udongo, ndani ya uwanja wenyewe.

Kazi yenyewe inafanana sana na kutoa maji katika mugodi. Wanachimba visima virefu mbele ya maji mabaya, upande yanaoelekea. Pompi zinavuta. Kila pompi ikivuta, maji ya pande zote yanaiinamia, sawa vile maji ya mawe yanavyoelekea pompi ya galeri. Mukiweka visima sawasawa, maji mabaya hayapiti tena kwenda kwa nyumba za watu wala mutoni. Yanageuka na kuja kwa pompi. Kule juu yanapelekwa katika mashini ya kusafishia. Kwa vitu vinavyoruka hewani upesi, wanapitisha hewa nyingi katikati ya maji, hewa inavibeba. Vingine wanavipitisha katika makala, si makala ya mbabula, lakini makala yaliyochomwa kwa namna ya pekee mupaka yanakuwa na vitundu vingi sana vya kushika uchafu. Makala yakishiba, yanabadilishwa. Katika Toms River walisafisha mamilioni ya lita kila siku.

Pengine mutumishi mumoja atauliza: kama wanatoa mamilioni ya lita kila siku toka 1996, kwa nini hawajamaliza?

Jibu lake liko jikoni. Chukua chungu cha udongo kilichokaa na mafuta ya mawese mwaka muzima. Ukioshe leo kwa maji ya moto; kinaonekana safi. Tia maji safi ndani, uyaache mupaka kesho. Asubuhi utaona macho ya mafuta juu ya maji. Mafuta yalikuwa yameingia katika ukuta wa chungu, na sasa yanatoka polepole. Udongo wa chini unafanya vivyo hivyo. Muchanga unaoshwa upesi, lakini tabaka za udongo wa kinamo zilikunywa uchafu kwa miaka 30, na zinautapika kidogo kidogo. Injenyeri akizima pompi kwa sababu vipimo vimeshuka, nyuma ya miezi fulani vipimo vinaweza kupanda tena. Kwa hiyo kazi ya namna hii inahesabiwa kwa miaka makumi, na faranga zinazotoka kila mwaka hazileti hata kilo moja ya rangi ya kuuza.

Na kusafisha maji bila kuondoa shina la uchafu ni kupangusa chini huku robine inafunguka. Basi mwaka 2000 Serikali ilikata shauri la pili, juu ya udongo na mapipa. Toka 2003 mupaka 2010 walifukua. Walitoa zaidi ya mapipa 47,000. Mapipa yalipelekwa mbali kwa viwanda vinavyojua kuyamaliza, na udongo, zaidi ya metre kibu 250,000, ulitiwa hewa, maji na chakula cha vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kula takataka zile. Watumishi waliofanya kazi ya kufukua walivaa maske na nguo za kufunika mwili wote. Mara ya kwanza mapipa yale yalizikwa na watu waliovaa nguo za kawaida za kazi.

MUTU MWENYE CHUPA

Tunataka kukaa kidogo juu ya mutumishi mumoja ambaye hazungumzwi sana. Si injenyeri, si mwenye kuendesha pompi. Ni yule anayezunguka visima vya kupimia.

Kisima cha kupimia si kisima cha kunywa. Ni bomba jembamba, lililofungwa kwa kifuniko na kufuli, lenye vitundu kwa urefu fulani tu, ili liteke maji ya tabaka moja na si ya tabaka nyingine. Inafaa vingine viwe juu, upande maji yanakotoka, ili tujue maji yalikuwa namna gani mbele ya kupita chini ya kiwanda. Vingine viwe katikati, na vingine chini, upande wa nyumba za watu na wa muto. Kisima cha juu kikikosa, kampani inaweza kusema kila siku: «Uchafu huu tuliukuta.» Kisima cha chini kikikosa, tutajua hatari siku itakapofika kwa robine.

Mutumishi wa chupa anaanza na kisima kilicho safi na kumalizia na kilicho kichafu zaidi, ili asibebe uchafu toka pahali pabaya kwenda pahali pazuri. Mbele ya kufungua hapaswi kushika mazuti wala benzini, wala kuvuta sigara, maana mukono wake mwenyewe unaweza kudanganya laboratwari. Anapima kwanza urefu wa maji kwa kamba ya metre. Kipimo hicho kidogo ndicho kinachoonyesha maji yanaelekea wapi: ukipima visima vitatu siku moja, unaweza kuchora njia ya maji. Kisha anatoa maji yaliyolala katika bomba, kwa sababu hayo yamekwisha kubadilika kwa kukaa na hewa, na anangojea mupaka maji mapya ya udongo yanakuja. Hapo ndipo anajaza chupa, polepole, mupaka ukingoni, bila kuacha hata povu moja la hewa. Povu moja linatosha kunyonya dawa zinazoruka, na kipimo kitatoka kidogo kuliko ukweli. Chupa inatiwa katika barafu. Inaandikwa namba, siku, saa, na jina la aliyeteka. Kila mutu anayeipokea anatia sinyature, mupaka laboratwari.

Pamoja na chupa zile anabeba moja yenye maji safi ya laboratwari, ambayo inasafiri naye njia yote bila kufunguliwa. Hiyo ni shahidi. Kama laboratwari ikikuta uchafu ndani ya ile nayo, basi uchafu uliingia njiani, na kazi yote inaanza upya.

Ni kazi ya kuchosha, na rahisi sana kuidanganya. Mutu anaweza kukaa chini ya muti, kujaza chupa zote katika kisima kimoja, na kurudi mapema. Hakuna mutu atakayemuona. Ndiyo sababu tunasema kwamba kazi hii haifai kupewa yule aliyekosa kazi nyingine, wala kulipwa kama kazi ya kufagia.

Kuna jambo lingine ambalo Toms River ilifundisha, na lenyewe ni zito. Mwaka 1971 dereva mumoja wa kamyo alilipwa kwa kuondoa mapipa ya takataka za kampani nyingine, Union Carbide, na aliyamwaga katika shamba la kuku la Reich, katika mitaa ile ile. Mapipa yalikuwa karibu 4,500. Mwaka 1974 visima vya majirani vilipatikana na harufu na ladha mbaya, vikafungwa. Lakini maji mabaya yaliendelea kutembea chini, mupaka yakafika kwa visima vikubwa vya muji vinavyoitwa Parkway. Mwaka 1987 laboratwari ilikuta trikloroetileni ndani yake, na mashini ya kuiondoa ikawekwa. Watu wakatulia. Lakini mwaka 1996 wachunguzi waliona katika maji yale kitu kingine, mabaki ya kazi ya plastiki, ambacho vipimo vya kawaida havikukitafuta hata siku moja. Laboratwari inajibu ulizo lililoulizwa. Usipouliza juu ya kitu fulani, karatasi itarudi safi na kitu kiko ndani ya chupa. Kwa hiyo orodha ya vitu vya kupima haifai kuandikwa na watu wa laboratwari peke yao: inafaa kuuliza wazee waliotumika katika kiwanda, wanaojua kilichoingia katika mapipa na pahali yalipozikwa.

WATOTO

Kwa nini visima vya Parkway vilichunguzwa tena mwaka 1996? Kwa sababu ya watoto. Katika hospitali moja ya watoto ya Philadelphia, mufanyakazi mumoja aliona kwamba wagonjwa wa kansere wengi mno wanatoka pahali pamoja. Wazazi walikusanyika, wakapiga kelele, na jimbo likahesabu. Toka 1979 mupaka 1995 watoto 90 wa mitaa ile walikuwa wamepata kansere, na hesabu ya kawaida ingekuwa karibu 67.

Waganga walichunguza mupaka 2003. Jibu lao linafaa kusemwa sawasawa, bila kuongeza. Waliona uhusiano kati ya kansere ya damu ya watoto wanawake na mama zao waliokunywa maji ya Parkway wakati wa mimba. Waliona vile vile uhusiano na hewa iliyotoka katika kiwanda cha rangi. Kwa kansere zingine na kwa watoto wanaume hawakuona jambo la kushikika. Watoto walikuwa wachache kwa hesabu ya elimu, na maji ya miaka iliyopita hayawezi kurudishwa katika chupa. Mwishoni mwa 2001 kampani zile mbili na kampani ya maji zilipatana na jamaa 69, bila kukubali kosa na bila kutangaza hesabu ya faranga.

Wengine wanasema kwamba hapo hakuna ushuhuda kamili. Ndivyo ilivyo. Lakini ushuhuda ulikosa kwa sababu hakuna mutu aliyeteka chupa na kuandika kweli toka miaka ya mwanzo, na mama wa mitaa ile ndio waliobaki na maulizo.

Kampani ya Ciba ilinunuliwa mwaka 2009 na BASF ya Ujerumani, na pamoja na mali ilinunua deni la maji. Mwaka 2022 jimbo lilitangaza mapatano ya kuacha hekta zaidi ya 400 za uwanja ule ziwe pori la kutembelea na kujifunza, na wakaaji wengine wakaenda tribinali kwa kusema kwamba ni kidogo mno. Katika miaka hii ya 2020 pompi zilikuwa zingali zinavuta, na visima vya kupimia vingali vinafunguliwa.

KWETU

Hatutengenezi rangi. Lakini tuko na aside, mazuti, mafuta machafu ya mashini, dawa za kuchujia madini, na mapipa matupu ambayo si matupu. Karibu na kambi na kartye nyingi za Katanga watu wanakunywa maji ya visima, na wanachimba kisima pahali lupango iko, si pahali injenyeri angechagua.

Kwa hiyo, mutumishi wa garaji: mafuta yaliyotolewa katika motere hayamwagwi nyuma ya ukuta. Yanatiwa katika pipa lenye kifuniko, pahali penye siminti na ukingo. Valve ya aside ikidondoka, tone lile linaandikwa katika kitabu cha shifti, na pahali pake, na saa yake, hata kama shefu anakunja uso. Siku moja injenyeri atatafuta pahali pa kutoboa kisima cha kupimia, na kitabu kile ndicho kitamuonyesha. Mwenye kubomoa majengo ya zamani akikuta pipa katika udongo, asilipige kwa sururu kwa kuangalia kilicho ndani. Asimame, aite watu wa sekirite, azuie wengine.

Pipa lililobeba dawa ya kiwanda haliendi nyumbani kwa kuweka maji, hata likioshwa mara kumi. Kumbukeni chungu cha mawese.

Na kwa mama wa nyumbani, neno moja juu ya kuchemsha maji, kwa sababu tunaulizwa mara nyingi. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na vya kolera, na inafaa kuendelea. Lakini hakuondoi madini wala aside. Maji yanapopungua katika sufuria, shaba, kobalti na risasi vinabaki palepale, na kila lita inakuwa na nyingi kuliko mwanzo. Dawa kama trikloroetileni nazo zinaruka na mvuke kuingia katika hewa ya jikoni, na mutu anazipumua. Kama maji ya kisima yamebadilika rangi, ladha au harufu, au kama yanatia alama ya kijani juu ya sufuria na nguo, musichemshe mukangojea. Acheni kuyanywa, mutafute maji pahali pengine kwa siku zile, na mutume habari kwa ofisi ya sekirite au kwa munganga wa kambi. Mutie maji kidogo katika chupa ya kilasi iliyooshwa kwa maji yale yale ya kisima, mujaze mupaka juu, mufunge vizuri, muandike siku na jina la kartye. Musitumie chupa iliyokuwa na mazuti wala masanga.